Hesabu ya Watoto katika Kaunti ya Phillips: Shule za Mkataba na Wilaya Ndogo za Elimu huko Arkansas

Kaunti ya Phillips iko mashariki mwa jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani, kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Mississippi, na makao yake makuu ni Helena, mji wa bandari ya mtoni ambao tarehe 1 Januari 2006 uliunganishwa na jirani yake West Helena kuwa manispaa moja. Ni nchi tambarare yenye udongo wa mafuriko, iliyolimwa pamba kwanza kwa nguvu za watumwa, kisha kwa nguvu za wapangaji waliogawana mavuno na mwenye shamba, na hatimaye kwa mashine, na kila badiliko la kazi hiyo lilibadilisha pia idadi ya watoto waliohitaji shule. Sensa ya 1950 ilihesabu wakazi 46,254, ya 2000 ikahesabu 26,445, na ya 2020 ikahesabu 16,568, wengi wao wakiwa Wamarekani Weusi. Mjadala kuhusu ufaulu wa shule za mkataba katika kaunti hii kwa kawaida huanzia kwenye alama za mitihani, ilhali alama hizo hazisomeki vizuri mpaka ijulikane kwanza ni nani aliyekuwa akiwahesabu watoto, na ni lini uchache wao ulihesabiwa kuwa sifa ya shule na lini ukahesabiwa kuwa kosa lake.

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Wilaya ya elimu nchini Marekani si ngazi ya utawala kama ilivyo wilaya ya Tanzania, bali ni chombo kinachojitegemea, chenye mipaka yake, bodi inayochaguliwa na wapiga kura na mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, hivi kwamba kaunti moja ya vijijini huweza kuwa na wilaya kadhaa, baadhi zikiwa na wanafunzi wachache kuliko shule moja ya msingi ya Dar es Salaam. Shule ya mkataba nayo ni shule ya umma, isiyotoza ada wala kuchuja waombaji kwa mtihani, lakini inayoendeshwa na shirika lililo nje ya wilaya kwa mkataba na jimbo: shirika linapewa uhuru katika ratiba, ajira na mbinu za kufundisha, na jimbo linabaki na haki ya kuuvunja mkataba matokeo yakiwa mabaya, na pale waombaji wanapozidi nafasi huchaguliwa kwa bahati nasibu. Minnesota ndilo jimbo lililotangulia kutunga sheria ya shule hizi mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka 1992. Arkansas ilisitasita; sheria yake ya 1995 iliruhusu tu shule zilizokuwapo zibadilike, na ni ile ya 1999 iliyoyafungulia mlango mashirika kuanzisha shule mpya zenye kupokea watoto kutoka wilaya yoyote.

Hata hivyo, shule iliyoanzishwa na watu wa nje kwa ajili ya watoto weusi haikuwa jambo geni Helena. Majeshi ya Muungano yaliuteka mji huo Julai 1862, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na maelfu ya watu waliotoroka utumwa wakakusanyika humo, wengi wakifa kwa maradhi na kuacha yatima. Mwaka 1864 Wakweka kutoka Indiana, watu wa madhehebu yale yale ambayo nchini Kenya huitwa Marafiki na ambayo waumini wake Wamarekani walianzisha misheni ya Kaimosi mwaka 1902, walifungua makao ya yatima hapo, nao askari weusi wa Kikosi cha 56 wakachanga fedha za kununulia ardhi nje ya mji na kusaidia kuinua majengo kwa mikono yao. Makao hayo yalikua yakawa Chuo cha Southland, kilichosomesha walimu weusi mpaka kilipofungwa mwaka 1925. Ukaja pia mfuko wa Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, uliosaidia kujenga majengo 389 ya shule za watu weusi katika Arkansas kwa sharti kwamba wenyeji nao wachangie. Sharti hilo lilisifiwa kuwa la kujitegemea, ingawa ukweli ni kwamba wazazi hao walikuwa wamekwisha kulipa kodi iliyojenga shule za wazungu, na sasa walilipa mara ya pili ili wapate za kwao.

Chuo cha Southland kikiwa bado wazi, yalitokea mauaji ya mji wa Elaine. Mwishoni mwa Septemba 1919 wapangaji weusi wa kusini mwa kaunti, waliojiunga na chama cha wakulima ili wadai kuonyeshwa hesabu za pamba yao na kulipwa bei ya haki, walishambuliwa wakiwa mkutanoni kanisani Hoop Spur. Katika siku zilizofuata wazungu watano na watu weusi ambao makadirio yao huanzia mia moja hadi mamia kadhaa waliuawa, na wanaume weusi kumi na wawili wakahukumiwa kifo, hukumu ambazo msingi wake ulibomolewa na Mahakama Kuu ya Marekani katika shauri la Moore dhidi ya Dempsey mwaka 1923. Tukio hili linahusiana na historia ya elimu kuliko inavyodhaniwa. Mpangaji asiyejua kusoma daftari la mwenye shamba hakuwa na namna ya kulipinga, na kalenda ya shule za watoto weusi katika ukanda wa pamba ilipangwa kulingana na daftari hilo hilo: masomo yaligawanywa vipindi, shule zikifungwa wakati wa mavuno ili watoto wakachume, na desturi hiyo iliendelea katika sehemu nyingi za ukanda huo mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mashine za kuvuna pamba zilipoingia, familia zilihama kwenda Chicago, St. Louis na Detroit, na kiwanda cha matairi cha Mohawk kilichokuwa mwajiri mkubwa West Helena kikafungwa mwaka 1979. Wakati huo huo mahakama zilikuwa zikivunja utengano wa rangi mashuleni. Hukumu ya Mahakama Kuu katika shauri la Brown mwaka 1954 ilikwishautangaza kuwa kinyume cha katiba, lakini wilaya nyingi za kusini zilijificha nyuma ya utaratibu ulioitwa uhuru wa kuchagua, ambao kwa nadharia ulimruhusu kila mzazi kuchagua shule na kwa vitendo ukamwachia mzazi mweusi peke yake mzigo wa kumpeleka mtoto mahali asipotakiwa, mpaka Mahakama Kuu ilipoukataa katika shauri la Green mwaka 1968. Jibu la wazungu wengi wa ukanda wa pamba lilikuwa shule binafsi. Katika Kaunti ya Phillips, Marvell Academy ilianzishwa mwaka 1966 na DeSoto School mwaka 1970, na tarehe hizo zinajieleza. Shule za umma za Helena na West Helena, ambazo kisheria zilikuwa sasa za wote, kwa muda wa kizazi kimoja zikawa karibu zote za watoto weusi, na wapiga kura waliopitisha viwango vya kodi yake wakawa, kwa sehemu kubwa, watu ambao watoto wao hawakusoma humo.

Hapa ndipo Lake View inapoingia. Lake View ni kijiji kilichotokana na mpango wa serikali ya shirikisho wa miaka ya 1930 wa kuwapatia wakulima weusi mashamba yao wenyewe, na wilaya yake ya elimu, iliyokuwa miongoni mwa zile ndogo kabisa katika jimbo, ilisomesha watoto weusi watupu. Mwaka 1992 wilaya hiyo ililishtaki jimbo la Arkansas kwa hoja kwamba fedha za elimu zinagawanywa bila usawa. Hoja yenyewe ni rahisi kuieleza kwa tarakimu. Kodi ya shule katika Arkansas hukadiriwa kwa sehemu ya elfu ya thamani inayotozwa, na thamani hiyo ni asilimia 20 tu ya bei ya soko. Nyumba ya dola 100,000 huhesabiwa kuwa dola 20,000, na kwa kiwango cha chini cha 25 kwa elfu, ambacho katiba ya jimbo ilikifanya cha lazima kwa wilaya zote kuanzia 1996, mwenye nyumba hulipa dola 500. Penye viwanda na maduka, kiwango hicho huingiza fedha nyingi. Penye nyumba za mbao na mashamba ya watu wengine, huingiza kidogo mno, hata kama kila mwenye mali atalipa mpaka senti ya mwisho.

Shauri lilidumu miaka kumi kabla Mahakama ya Juu ya Arkansas haijatoa, tarehe 21 Novemba 2002, hukumu iliyoutangaza mfumo mzima wa fedha za elimu kuwa kinyume cha katiba ya jimbo. Majaji hawakuishia kwenye nadharia, waliorodhesha walichokikuta. Masomo yote ya hisabati ya sekondari ya Lake View yalifundishwa na mwalimu mmoja asiye na cheti cha somo hilo, aliyelipwa dola 10,000 kwa mwaka kama mwalimu wa muda, na aliyeendesha pia basi la shule ili apate dola 5,000 nyingine. Vikokotoo vya darasa la trigonometria havikutosha, bikari hazikuwapo, ubao ulikuwa mmoja, na printa ilikuwa mbovu. Wahitimu wote waliojiunga na vyuo vikuu, asilimia 100 kamili, walilazimika kwanza kusoma masomo ya kuziba pengo. Ni vigumu kupata katika maandishi ya kimahakama ya nchi hiyo picha ya shule iliyo wazi kuliko hii, na ni haki kuongeza kwamba asilimia 100 ya darasa dogo la kijiji ni watu wachache sana, jambo ambalo halipunguzi uzito wa ushahidi lakini linaonyesha mapema jinsi asilimia inavyotenda kazi mahali penye watoto wachache.

Bunge la jimbo lilijibu kwa njia mbili. Liliweka kiwango cha msingi cha fedha kwa kila mwanafunzi, ambacho kwa mwaka wa masomo 2004–05 kilikuwa dola 5,400, jimbo likijazia pale kodi ya wilaya inapopungua. Na kwa Sheria Namba 60 ya 2004 likaamuru kwamba wilaya yoyote yenye wastani wa wanafunzi chini ya 350 kwa miaka miwili mfululizo iunganishwe na nyingine, kwa maelezo kwamba wilaya ndogo hazina uwezo wa kutoa masomo yote yanayotakiwa. Idadi ya wilaya katika Arkansas ilishuka kutoka zaidi ya 300 hadi karibu 250. Miongoni mwa zilizofutwa mwaka huo huo wa 2004 ilikuwamo Lake View yenyewe, iliyounganishwa na Barton-Lexa. Wilaya iliyoshinda kesi ilifutwa na sheria iliyozaliwa na ushindi wake. Elaine ikafuata mwaka 2006, ikiunganishwa na Marvell, na mji ule wa mauaji ya 1919 ukabaki bila shule ya umma, watoto wake wakisafirishwa kwa basi kila asubuhi hadi Marvell.

Miezi michache kabla ya hukumu ya 2002, katika kaunti hiyo hiyo, ilifunguliwa shule nyingine yenye wanafunzi wachache. KIPP ni mtandao wa shule za mkataba ulioanzishwa Houston mwaka 1994 na Mike Feinberg na Dave Levin, vijana waliokuwa wametumikia mpango wa Teach For America, unaowapeleka wahitimu wa vyuo vikuu kufundisha miaka miwili katika maeneo maskini. Scott Shirey, aliyepitia mpango huo huo katika Louisiana, aliifungua shule ya Helena kwa darasa moja la tano lenye wanafunzi 65, akikusudia kuongeza darasa moja kila mwaka mpaka mwisho wa sekondari, na kwa mwendo huo darasa la kwanza lilihitimu mwaka 2010. Siku ya masomo ilianza kwenye saa moja na nusu asubuhi na kuishia karibu saa kumi na moja jioni, kukiwa na masomo ya Jumamosi kadhaa na wiki kadhaa za likizo ya kiangazi. Mzazi, mwanafunzi na mwalimu walitia sahihi ahadi ya kuzingatia ratiba hiyo, na walimu waliwapa wanafunzi namba za simu ili wapigiwe jioni kuhusu kazi za nyumbani. Alama za miaka ya mwanzo zilikuwa juu ya zile za wilaya ya Helena-West Helena, na wageni wakaanza kuja kutazama.

Kwa mtazamo wa Sheria Namba 60, shule ya wanafunzi 65 isingestahili kuwapo. Lakini sheria hiyo ilizungumzia wilaya, na shule ya mkataba, ingawa hupokea fedha za jimbo moja kwa moja kana kwamba ni wilaya, haikuguswa na kizingiti cha 350. Kwa hiyo katika kaunti moja na katika muda wa miaka miwili, jimbo lilihitimisha kwamba uchache wa wanafunzi unaizuia shule ya Lake View kufundisha vizuri, na kwamba uchache huo huo, ukisimamiwa na shirika kutoka nje, ndio unaomwezesha mwalimu kumjua kila mtoto kwa jina. Kila moja ya hoja hizo ina ushahidi wake. Ugumu ni kwamba hazikuwahi kuwekwa kwenye meza moja, kwa sababu zilishughulikiwa na sheria mbili zilizotungwa na watu wenye haja mbili.

Tofauti kati ya watoto wa shule ya mkataba na wale wa wilaya haikuwa ya rangi. Kotekote wanafunzi zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa weusi, na wengi walitoka katika familia zenye kipato kidogo, na hivyo lawama iliyotolewa dhidi ya shule za mkataba katika majimbo mengine, kwamba zinawatenga watoto wa wazungu na wa weusi, haikupata nguvu hapa, ambako utengano ulikuwa umekamilishwa na shule binafsi miaka thelathini kabla. Swali la kweli lilikuwa ni nani, miongoni mwa watoto maskini wa aina moja, aliyekuwa na mzazi wa kuijaza fomu, kuliwahi basi na kuivumilia siku ya saa tisa na nusu, na swali hilo takwimu za kawaida haziliwezi. Kipimo kikuu cha umaskini mashuleni Marekani ni chakula cha mchana: mtoto hula bure ikiwa kipato cha nyumbani hakizidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini, na kwa bei nafuu ikiwa hakizidi asilimia 185. Kipimo hicho humweka katika kapu moja mtoto wa karani wa duka na mtoto asiye na mlezi wa kudumu, na tangu utaratibu wa kulisha shule nzima bure bila fomu ulipoenea nchi nzima mwaka 2014, hata tofauti hiyo ndogo imefutika katika shule nyingi za ukanda wa pamba.

Watafiti wamejaribu kuliepuka tatizo hili. Kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford humtafutia kila mwanafunzi wa shule ya mkataba wenzake wanaofanana naye kwa rangi, kipato na alama za awali katika shule za wilaya alikotoka, kisha hulinganisha maendeleo yao; ripoti yake ya 2009 ilikuta kwamba asilimia 17 tu ya shule za mkataba zilizochunguzwa zilizishinda za wilaya katika hisabati na asilimia 37 zilishindwa, ilhali ile ya 2023 ilikuta wastani wa nchi ukiwa umeelemea kidogo upande wa shule za mkataba. Kuhusu KIPP, taasisi ya Mathematica ilichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa shule 43 za madarasa ya kati uliokuta maendeleo makubwa kuliko ya wenzao wa nje, ukibainisha pia kwamba nafasi za wanaoondoka katika madarasa ya juu hujazwa kwa uchache kuliko inavyofanyika katika shule za jirani. Wastani wa aina hiyo unafaa kwa nchi nzima na kwa miji mikubwa. Katika darasa la watoto 20 kila mtoto ni asilimia 5, na familia mbili zikihamia Memphis katikati ya mwaka, ufaulu wa darasa waweza kupanda au kushuka kwa kumi katika mia bila mwalimu kubadilisha chochote.

Upande wa wilaya, hesabu ilikuwa ya fedha. Kwa kiwango cha dola 5,400, watoto 65 wanaohama ni dola 351,000 kwa mwaka, lakini hawahami wote kutoka darasa moja wala kutoka mtaa mmoja, na hivyo wilaya haiwezi kumpunguza mwalimu wala kulifuta basi kwa uwiano ule ule. Itakuwa si haki kuisingizia shule ya mkataba chanzo cha matatizo ya Helena-West Helena, kwa kuwa wakazi walikuwa wakiondoka tangu miaka ya 1950, na jimbo lilikwisha kuitwaa wilaya hiyo kwa sababu ya hali mbaya ya fedha mwaka 2005, wakati KIPP ingali na madarasa machache. Liliitwaa tena mwaka 2011, likaivunja bodi iliyochaguliwa, na wilaya haikurejeshewa mamlaka yake mpaka 2016. Kwa miaka hiyo wakazi wa mji, ambao babu zao walizuiwa kupiga kura, walikuwa na shule za aina mbili, za wilaya na za mkataba, na wapiga kura hawakuwa na sauti katika bodi ya yoyote kati yake.

Mwaka 2023 suala hilo lilirudi kwa sura nyingine huko Marvell-Elaine, wilaya ambayo ilikuwa imeshuka chini ya kizingiti cha 350. Bunge lilikwisha kuruhusu, mwaka 2015, wilaya za namna hiyo ziombe kusamehewa muungano, na sasa sheria mpya ya elimu iliyoitwa LEARNS iliongeza njia ya tatu, yaani wilaya iliyo chini ya jimbo ikabidhiwe kwa mkataba kwa shirika la shule za mkataba iendeshwe nalo. Mwezi Mei bodi ya elimu ya jimbo iliidhinisha mkataba wa kwanza wa aina hiyo, ikiikabidhi Marvell-Elaine kwa Friendship, shirika lenye asili yake Washington, D.C. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu ya Arkansas halikuhusu tena alama wala idadi ya watoto wala ardhi isiyozaa kodi, bali iwapo wabunge walipiga kura tofauti, kama katiba inavyotaka, juu ya kifungu cha dharura kilichoifanya sheria ianze kutumika mara moja. Na Oktoba 2023 majaji wakaamua kwamba kumbukumbu za bunge zinaonyesha kura hiyo ilipigwa.